Kocha Aliyepewa Kiti cha Profesa: Amos Alonzo Stagg na Chuo Kikuu cha Chicago

Mchezaji wa kandanda wa Dar es Salaam au wa Mombasa humwita kocha wake "mwalimu", wala hakuna anayeshangaa. Ni neno la heshima tu. Halimpi kocha huyo haki ya kuketi pamoja na maprofesa. Huko Chicago, nchini Marekani, jambo hilo lilitendeka kwa maandishi katika mwaka 1892. Chuo kikuu kipya, kilichoanzishwa kwa fedha za tajiri wa mafuta John D. Rockefeller, kilimwajiri mtu wa miaka thelathini ili awafundishe wanafunzi michezo, kikampa cheo cha profesa mshiriki na nafasi ya kudumu. Mtu huyo, Amos Alonzo Stagg, alikaa hapo miaka arobaini. Alipoondolewa alikuwa amefikia umri wa miaka sabini, naye akaenda kufundisha kwingine kwa zaidi ya robo karne.

Habari zake zinawahusu watu wa vyuo vikuu hata wale wasiojali mchezo wowote. Ndani yake mna swali ambalo kila chuo hulikabili mapema au baadaye: je, mchezo ni sehemu ya elimu, au ni mgeni aliyekaribishwa sebuleni akaishia kuimiliki nyumba?

Inafaa kueleza kwanza michezo yenyewe. Futiboli inayozungumzwa hapa si kandanda. Ni mchezo wa Kiamerika uliotokana na ragbi: timu mbili za watu kumi na mmoja, mpira wenye umbo la yai unaobebwa mikononi, na kila upande ukijitahidi kuufikisha ng'ambo ya mstari wa mwisho wa adui huku ukizuiwa kwa nguvu za mwili. Besiboli ni mchezo wa gongo: mtupaji hurusha mpira mdogo mgumu, mpigaji hujaribu kuupiga kisha hukimbia kuzunguka vituo vinne. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa besiboli ilikuwa tayari na timu za kulipwa zenye mashabiki wengi, ilhali futiboli ilikuwa bado mali ya wanafunzi, hasa wa vyuo vya zamani vya mashariki kama vile Yale, Harvard na Princeton.

Kutoka mimbarini hadi uwanjani

Stagg alizaliwa tarehe 16 Agosti 1862 huko West Orange, katika jimbo la New Jersey, mtoto wa fundi viatu mwenye familia kubwa. Umaskini wa nyumbani ulimfuata hadi Yale, alikoingia mwaka 1884. Aliishi katika chumba cha darini, akibana matumizi ya chakula hata akaugua kwa kukosa lishe. Nia yake ilikuwa kuwa mchungaji wa kanisa, na baada ya kupata shahada ya kwanza mwaka 1888 alibaki hapo kusoma teolojia.

Lakini jina lake lilikuwa limekwisha kuenea kwa sababu nyingine. Alikuwa mtupaji bora wa besiboli katika vyuo vyote vya mashariki, na Yale ilitwaa ubingwa mwaka baada ya mwaka kwa mkono wake wa kulia. Timu za kulipwa, ikiwemo ya New York, zilimwita, alikataa. Kwa mtoto wa fundi viatu aliyewahi kulala njaa, kukataa huko hakukuwa jambo dogo. Stagg aliona kwamba viwanja vya kulipwa vilikuwa vimezungukwa na pombe na kamari, na kwamba mchezo unaouzwa hupoteza kile kinachoufanya ustahili kuchezwa. Msimamo huo hakuuacha maishani mwake mwote, na ndio unaofanya baadhi ya mambo yaliyofuata kuwa magumu kuyaeleza. Katika futiboli pia alisifika: mwaka 1889, ilipochaguliwa kwa mara ya kwanza timu ya kufikirika ya wachezaji bora wa vyuo vya Marekani, Stagg alikuwa miongoni mwa kumi na mmoja hao.

Teolojia ilimshinda kwa sababu moja tu: hakujua kuhutubia. Aliposimama mbele ya watu maneno yalimkauka. Akaamua kwamba, kama hawezi kuhubiri kwa kinywa, atahubiri kwa njia ya mchezo, na mwaka 1890 akahamia Springfield, Massachusetts, kwenye shule ya kuwaandaa walimu wa chama cha vijana Wakristo, YMCA. Huko alikutana na Mkanada James Naismith, ambaye alicheza katika timu yake ya futiboli na ambaye, mwezi Desemba 1891, alibuni mpira wa kikapu. Tarehe 11 Machi 1892 walimu wa shule hiyo walicheza mchezo huo mpya dhidi ya wanafunzi wao mbele ya watazamaji. Walimu walishindwa kwa 5 kwa 1. Bao hilo moja lilifungwa na Stagg.

Mapatano na Harper

William Rainey Harper alikuwa mtaalamu wa Kiebrania aliyefundisha Yale, na Stagg alikuwa amepita katika darasa lake. Alipoteuliwa kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Chicago (cheo kinacholingana na cha rekta katika vyuo vya Kongo), Harper alikuwa na haraka. Alitaka katika miaka michache kuwa na chuo ambacho Harvard ilikijenga kwa miaka zaidi ya mia mbili. Aliwanyang'anya wenzake maprofesa mashuhuri kwa kuwapa mishahara mikubwa, na kati ya watu wa kwanza aliowaita alikuwa mwanafunzi wake wa zamani mwenye mkono wa kurusha mpira.

Mazungumzo yao yanajulikana kwa jinsi Stagg mwenyewe alivyoyasimulia baadaye. Harper alitaja dola 1,500 kwa mwaka. Stagg alinyamaza akiwaza. Harper akapandisha hadi dola 2,000. Stagg bado akanyamaza. Ndipo Harper akataja dola 2,500 pamoja na uprofesa mshiriki wa maisha. Stagg alieleza kwamba hakuwa akipigania bei, bali alikuwa hajakata shauri. Kimya chake kilimfaa kuliko hotuba zote alizoshindwa kuzitoa mimbarini.

Cheo hicho kilikuwa na maana kubwa kuliko mshahara. Hadi wakati ule, timu za vyuo vya Marekani ziliendeshwa na wanafunzi wenyewe. Nahodha ndiye aliyeamuru. Wahitimu wa zamani walikuja kusaidia kwa wiki chache na kisha kuondoka. Mahali pengine kocha wa kulipwa aliajiriwa kwa msimu mmoja na kufukuzwa baada ya kushindwa. Harper aliigeuza kazi hiyo kuwa idara ya chuo, yenye mkuu wake, bajeti yake na kozi ambazo kila mwanafunzi alilazimika kuzifuata. Hoja yake ilikuwa safi: kama mchezo hauwezi kuondolewa chuoni, basi na uwekwe mikononi mwa mwalimu ambaye hatatetemeka kila Jumamosi jioni akihofia mkate wake. Mtu asiyeweza kufukuzwa kwa kushindwa hana sababu ya kudanganya ili ashinde.

Chuo kilifungua milango tarehe 1 Oktoba 1892. Wanafunzi waliokuja kucheza futiboli walikuwa wachache mno, hata profesa mshiriki alilazimika kuvaa nguo za mchezo na kucheza pamoja nao katika msimu huo wa kwanza. Mwaka uliofuata alianza pia kuifundisha timu ya besiboli, kazi aliyoifanya kwa takriban miaka ishirini, hadi 1913. Kwa mtu aliyekuwa mtupaji wa kwanza wa Yale, hapo ndipo mapenzi yake ya asili yalipokuwa. Inasemekana yeye ndiye aliyebuni kizimba cha wavu kinachowawezesha wapigaji kufanya mazoezi ndani ya jengo wakati wa baridi, na kizimba hicho kiko leo kila mahali besiboli inapochezwa. Kuanzia mwaka 1910 timu ya besiboli ya Chicago ilivuka bahari hadi Japani kucheza na wanafunzi wa Waseda, nao Wajapani wakaja Chicago mwaka uliofuata, na kutembeleana huko kukaendelea kwa miaka mingi. Besiboli haikuleta fedha wala kelele. Pengine kwa sababu hiyo iliweza kubaki karibu na kile alichokitamani Harper.

Futiboli ilikwenda njia nyingine. Stagg alikuwa mbunifu asiyechoka. Mwaka 1893, akishirikiana na Henry L. Williams, alitoa kitabu kilichouchambua mchezo huo kwa michoro, kama vile mhandisi anavyochora daraja. Wanahistoria wa mchezo humhesabia uvumbuzi mwingi: namba kwenye fulana za wachezaji, mwanasesere mzito wa kujifunzia kukaba, mbinu kadha wa kadha za kumhadaa adui kabla mpira haujaanza kusogea. Baadhi ya madai hayo yanabishaniwa, kwani vitu hivyo vilibuniwa na watu zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja; lakini wingi wa madai yenyewe ni ushahidi wa jinsi alivyotazamwa na wenzake. Mke wake, Stella Robertson, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo hicho walipooana mwaka 1894, alijifunza kuandika mwenendo wa mechi kwa michoro akiwa amekaa jukwaani, na aliendelea kuifanya kazi hiyo hata alipokuwa bibi kizee.

Nidhamu yake ilikuwa ya kichungaji. Hapakuwa na pombe, tumbaku wala matusi. Neno kali kuliko yote kinywani mwake lilikuwa "punda", na mchezaji aliyekosea sana alipandishwa cheo akawa punda maradufu.

Mwaka 1905

Mwaka huo ndio kilele cha kazi yake na ndio unaofichua kasoro ya mapatano ya 1892.

Futiboli ya wakati ule ilikuwa ya kutisha. Wachezaji walishikana mikono wakaingia kama nyundo katika safu ya adui. Kofia ngumu zilikuwa hazijawa desturi. Tarehe 9 Oktoba 1905 Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton akawataka wausafishe mchezo. Hata hivyo msimu ulipokwisha, magazeti yalihesabu vijana wasiopungua 18 waliokufa kwa majeraha ya uwanjani, wengi wao wakiwa wa shule za sekondari na timu za mitaani.

Tarehe 30 Novemba, Chicago ilikutana na Michigan. Timu ya Michigan chini ya Fielding Yost haikuwa imeshindwa katika mechi 56 mfululizo tangu 1901. Watu zaidi ya 25,000 walijazana uwanjani katika baridi kali. Chicago ilishinda kwa pointi 2 kwa 0, mchezaji wa Michigan alipoangushwa na mpira nyuma ya mstari wake mwenyewe. Pointi hizo mbili ziliipa Chicago ubingwa na kumfanya Stagg kuwa mtu mashuhuri katika taifa zima.

Shujaa wa siku hiyo alikuwa Walter Eckersall, mtoto wa mji wa Chicago, aliyeurudisha mpira mbali kwa mguu wake kila Michigan ilipokaribia. Kabla ya mechi hiyo, mwezi uo huo wa Novemba, jarida la Collier's lilikuwa limeanza kuchapisha makala za Edward S. Jordan kuhusu jinsi vyuo vya eneo hilo vilivyonunua ushindi. Makala ya kwanza ilikihusu Chuo Kikuu cha Chicago, na Eckersall alitajwa ndani yake kama mtu ambaye asingestahili kuwa mwanafunzi kama asingejua kucheza. Mwanafunzi huyo alicheza misimu yake yote mitatu na akaondoka bila shahada.

Hapa ndipo hoja ya Harper ilipovunjika. Ni kweli kwamba Stagg hakuogopa kufukuzwa. Lakini hofu ya kufukuzwa haikuwa kishawishi pekee. Kulikuwa na fedha za viingilio, ambazo kwa miaka mingi zilipita chini ya usimamizi wake mwenyewe, mbali na mkono wa mweka hazina wa chuo. Kulikuwa na gazeti la kesho yake asubuhi. Kulikuwa na chuo kichanga kilichotaka kujulikana, na rais wake aliyejua kwamba watu wanaosoma matokeo ya Jumamosi ni wengi kuliko wanaosoma tasnifu za Kiebrania. Na kulikuwa na Stagg mwenyewe, ambaye hakupenda kushindwa. Yule aliyekataa fedha za New York kwa ajili ya usafi wa mchezo aliwaachia wachezaji wake njia za mkato katika masomo, na hapana dalili kwamba aliuona mgongano huo. Kwake yeye, kumlipa mchezaji ilikuwa dhambi. Kumhurumia katika mtihani ilikuwa malezi.

Nafasi ya kudumu, iliyokusudiwa kumweka kocha chini ya chuo, ilimweka pembeni ya chuo. Maprofesa wenzake walikuwa na baraza la kuwauliza maswali. Idara yake ilijibu kwa rais peke yake. Harper, ambaye angeweza kuuliza, alikuwa mgonjwa wa saratani. Alifariki tarehe 10 Januari 1906 akiwa na miaka 49.

Mwezi huohuo walimu wa vyuo vya eneo hilo walikutana Chicago. Waliamua kwamba hakuna mwanafunzi atakayecheza katika mwaka wake wa kwanza wa masomo, wala kwa zaidi ya miaka mitatu. Msimu wa 1906 ulipunguzwa hadi mechi tano. Vilevile walitaka makocha wawe walimu wa kawaida wa chuo wenye mshahara wa wastani, yaani wafanane na Stagg. Mfano uliotolewa kuwa dawa ulikuwa wa yuleyule ambaye timu yake ilikuwa imeandikwa katika Collier's wiki chache tu zilizopita. Michigan ilikasirishwa na masharti hayo ikajitoa katika umoja wa vyuo hivyo, na haikurudi hadi 1917. Kitaifa, kanuni mpya za 1906 ziliruhusu pasi ya mbele, na uwanja ukafunguka. Wabunifu kama Stagg ndio walionufaika zaidi.

Miaka sabini

Miaka iliyofuata inaweza kupitiwa haraka. Mwaka 1913 timu yake haikushindwa hata mara moja. Uwanja wa chuo ulipewa jina lake naye angali hai, heshima ambayo wanafalsafa wa Chicago hawakuipata. Tarehe 28 Oktoba 1922 mechi ya Chicago na Princeton ilitangazwa kwa redio hadi miji ya mbali. Princeton ilishinda kwa 21 kwa 18. Mwaka 1923 Stagg aliandika barua ya wazi akiwaonya Wamarekani juu ya futiboli ya kulipwa iliyokuwa ikichezwa Jumapili, akiiona kuwa tishio kwa mchezo wa vyuo. Ubingwa wake wa mwisho katika umoja wa vyuo vya eneo hilo ulikuwa wa 1924.

Kisha mambo yakabadilika taratibu. Vyuo vya majimbo vilikuwa na wanafunzi maelfu kwa maelfu, na vitivo vya kilimo, biashara na mazoezi ya mwili ambamo mchezaji hodari lakini mzito wa vitabu aliweza kupata hifadhi. Chicago haikuwa na vitivo vya namna hiyo, na sehemu kubwa ya wanafunzi wake walikuwa wa shahada za juu. Majukwaa ya uwanja wa Stagg yaliweza kuchukua zaidi ya watu 50,000, lakini timu ilishindwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda.

Mwaka 1929 chuo kilipata rais mpya, Robert Maynard Hutchins, mwenye umri wa miaka 30. Stagg alikuwa akifundisha Chicago kabla Hutchins hajazaliwa. Hutchins aliamini kwamba kazi ya chuo kikuu ni akili, na kwamba mengine yote yajihifadhi yenyewe. Hakuhitaji kupigana na mzee huyo. Kanuni za chuo ziliwataka maprofesa wastaafu kwa umri. Stagg alikwisha kuongezewa muda hadi miaka 70, na katika mwaka 1932 muda huo ulitimia. Kama angekuwa kocha wa kuajiriwa kwa msimu, huenda angalifukuzwa zamani kwa kushindwa, au angalibakizwa kwa mapenzi ya wahitimu. Lakini alikuwa profesa, na profesa hustaafu. Kile kilichomlinda kwa miaka arobaini ndicho kilichomtoa.

Chuo kilimtengea kazi nyepesi yenye mshahara. Aliikataa, akisema bado ana nguvu za kufundisha. Mwaka 1933 alikwenda California, katika mji wa Stockton, kwenye chuo kidogo cha Kimethodisti kilichoitwa College of the Pacific. Tarehe 12 Novemba 1938 aliileta timu yake hiyo mpya Chicago, kwenye uwanja wenye jina lake. Pacific ilishinda kwa 32 kwa 0. Hakuna simulizi ya kubuni ambayo ingethubutu kupanga tukio la namna hiyo.

Mwaka uliofuata, 1939, Chicago ilifungwa na Michigan kwa 85 kwa 0, na na Ohio State kwa 61 kwa 0. Mwezi Desemba baraza la wadhamini liliifuta futiboli ya mashindano. Magazeti ya Marekani yalishangaa kana kwamba chuo kimefuta maktaba yake.

Stagg aliendelea. Mwaka 1943, jeshi la majini lilipowapeleka vijana wake kusoma Pacific, alipata wachezaji wenye nguvu, akateuliwa kuwa kocha bora wa mwaka nchini, akiwa na umri wa miaka 81. Mwaka 1946 chuo hicho nacho kilimtaka apumzike. Akahamia Pennsylvania, katika chuo cha Susquehanna, akafundisha pamoja na mwanawe, Amos Alonzo wa pili, kuanzia 1947 hadi 1952. Mwaka 1951 timu yao haikushindwa hata mechi moja. Kisha akarudi Stockton, akawa anawafundisha vijana wa chuo cha miaka miwili jinsi ya kuupiga mpira kwa mguu. Aliacha kazi mwaka 1960 akiwa na miaka 98, akafariki Stockton tarehe 17 Machi 1965 akiwa na miaka 102. Kwa hesabu iliyokubaliwa wakati ule alikuwa ameshinda mechi 314 za futiboli, rekodi iliyopitwa mwaka 1981 na Paul Bryant wa Alabama. Mwaka 1985 Bryant naye alipitwa na Eddie Robinson wa Grambling, chuo cha watu weusi huko Louisiana, ambaye alikaa katika chuo hichohicho kimoja hadi 1997.

Uwanja wenyewe

Yaliyoupata uwanja wa Stagg baada ya futiboli kuondoka yanamgusa msomaji wa Katanga kwa njia ambayo kocha huyo asingeliweza kuiwaza. Chini ya jukwaa la magharibi palikuwa na chumba cha kuchezea mpira wa ukutani. Kwa kuwa majukwaa hayakuwa na kazi tena, wanafizikia wakiongozwa na Mwitaliano Enrico Fermi walikitwaa chumba hicho, wakapanga humo matofali ya grafiti na urani, na alasiri ya tarehe 2 Desemba 1942 wakaanzisha kwa mara ya kwanza duniani mfululizo wa mpasuko wa atomu uliotawaliwa na mkono wa binadamu. Miezi miwili na nusu kabla ya hapo, mnamo Septemba 1942, jeshi la Marekani lilikuwa limenunua zaidi ya tani 1,200 za mawe ya urani yaliyochimbwa Shinkolobwe na kuhifadhiwa New York kwa amri ya Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière. Sehemu kubwa ya urani ya mradi mzima wa bomu ilitoka katika mgodi huo wa Katanga, ambao wachimbaji wake hawakuelezwa mzigo huo ulikuwa ukienda kufanya nini.

Stagg alikuwa hai wakati habari hizo zilipotangazwa, mwalimu wa futiboli mwenye umri wa takriban miaka 83 katika mji mdogo wa California. Majukwaa ya magharibi yalibomolewa mwaka 1957. Tarehe 2 Desemba 1967 sanamu ya shaba ya Henry Moore ilizinduliwa mahali pa majaribio yale. Futiboli ya mashindano ilirudi Chicago mwaka 1969, bila kelele, katika uwanja mwingine mdogo wenye jina lilelile la Stagg. Tangu 1973 jina hilo limebebwa pia na fainali ya daraja la tatu la futiboli ya vyuo vya Marekani, daraja la vyuo visivyotoa ufadhili wa masomo kwa ajili ya mchezo. Na pale Eckersall alipoupiga mpira mbali na mstari wake mwaka 1905, chuo kilijenga maktaba yake kuu, Regenstein, iliyofunguliwa mwaka 1970.